Uzi mmoja, sindano moja: kwa nini kitambaa cha bibi kinalala na changu kinainuka kama bakuli?

#1 MjukuuWaMuheza
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa kweli, vichekesho najua vitakuja tu.

Mwezi wa nne huu najifunza kufuma kroshia kwa bibi yangu hapa Muheza. Ni vile vitambaa vya makochi vya duara, vya nakshi ya mananasi, unavyovikuta kila sebule ya Tanga. Bibi amevuka themanini, kusoma hajui, hajawahi kushika karatasi ya maelekezo. Yote yako kichwani. Nikimuuliza "bibi, hapa naongeza ngapi?" ananijibu "ongeza kinavyotaka". Sasa kinataka nini, kimeniambia lini?

Uzi tunachota bonge moja. Sindano tunapokezana ile ile. Naanza na trebo 12 (vile vitanzi virefu) katikati, kila mzunguko naongeza 12, kama nilivyoona kwenye video. Cha bibi kinalala mezani kama chapati. Changu kikifika mzunguko wa tano kingo zinanyanyuka, wa sita ni bakuli kamili. Jana amekivaa kichwani akamwambia jirani, "Mke mwenzangu huyu kanifumia kofia."

Nakosea wapi? Na nyie mliofundishwa na bibi, mama au shangazi, mlimwelewaje mtu asiyeeleza?

#2 KitiMbele
Uzi kuhusu uzi. Uzi tayari! Nimeshaweka kiti changu hapa, karanga ninazo.

#3 MamaTrebo
Binti, huo ni mkono. Mkono wako mzito. Anayejifunza anaubana uzi kama anaogopa utamkimbia, bibi yako anauachia. Trebo zilizobanwa zinakuwa nyembamba, duara linakosa upana, litafanya nini kama si kupanda juu? Chukua sindano kubwa kidogo. Kama ni ya milimita moja na nusu nenda ya mbili, utaona.

Mimi nimefundishwa na mama mkwe, Mbeya, mwaka wa kwanza wa ndoa. Alikuwa anapitisha kidole chake chini ya uzi wangu. Kisipopita, anafumua. Hasemi neno, anafumua tu huku anaongea habari za mahindi.

#4 MjukuuWaMuheza
@MamaTrebo hapo kwa mama mkwe umenimaliza 😂 Ila sindano ni ile ile anayotumia bibi. Mkono sawa, nitaangalia.

#5 TichaWaNamba
Mambo ya mkono tuyaweke pembeni kwanza. Hii ni hesabu ya darasa la saba.

Mzingo wa duara ni mara 6.28 ya nusu kipenyo. Kila mzunguko unaoongeza, nusu kipenyo inakua kwa urefu wa trebo moja. Kwa hiyo ukingo lazima ukue kwa mara 6.28 ya urefu huo. Kile kitanzi kifupi, ambacho urefu na upana wake vinakaribiana, kinataka nyongeza 6 kila mzunguko. Trebo ina urefu wa kama mara mbili ya upana wake, ndiyo maana inataka 12. Ukiongeza pungufu, ukingo unakuwa mfupi kuliko duara linavyodai na kitambaa kinasimama kama bakuli. Ukizidisha, kinafanya mawimbi kama gauni la harusi.

Dada, hesabu trebo za mzunguko wa sita. Ziwe 72. Nakuhakikishia hazifiki. Wengi wanapoteza moja pale wanapofungia mzunguko, kwa sababu zile cheni tatu za mwanzo zinahesabika kama trebo ya kwanza na watu wanazisahau.

#6 KitiMbele
Ticha amekuja na kipenyo. Wazee wa kuchora duara kwa kisoda tujifiche wapi?

#7 NyeriBaridi
Hamjambo wadau. Mimi ni mwanaume na ninafuma, nalisema mapema ili tumalizane nalo.

Sisi wa 8-4-4, mfumo wa elimu wa huku Kenya, tulifunzwa shuleni, wavulana kwa wasichana. Sindano za dukani hatukuwa nazo. Ulikuwa unatafuta spoku mbili za baiskeli, unasugua ncha kwenye saruji hadi ziwe laini. Mwalimu alitaka soksi za mtoto mchanga. Zangu moja ilitosha mtoto na ya pili ilitosha babake.

Aliyeniokoa ni shosho, bibi yangu. Yeye alijifunza kwenye vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, vile vilivyoanzishwa 1952. Hakunionyesha soksi hata siku moja. Alinipa kipande kibovu nikifumue, akasema nikimaliza kufumua nitajua kilivyofumwa. Na ni kweli. Uzi ukitoka unaona kila kitanzi kilikuwa kimeshikana na nani. Nilifumua kipande hicho na kukirudia jioni nzima, keshowe nikakirudia tena.

Kwa hivyo @MjukuuWaMuheza, omba bibi kitambaa kilichochakaa. Kifumue kutoka nje kuja katikati ukiandika hesabu ya kila mzunguko.

#8 Mdadisi77
1952 ni Hali ya Hatari hiyo. Tuseme ukweli, serikali ya kikoloni ilivitumia vile vikundi kuwavuta kina mama wasiwasaidie Mau Mau. Kufuma lilikuwa chambo.

#9 NyeriBaridi
@Mdadisi77 hilo silipingi, hata kwetu nyumbani lilizungumzwa. Lakini shosho alichukua chambo akaacha ndoano. Sweta alizofuma zililipa karo ya wanawe.

#10 BintSalimMuscat
Assalaam alaykum. Kusubiri anayeeleza ni kupoteza wakati. Mimi nimezaliwa Unguja, niko Muscat miaka mingi, nashona kofia za viua, hizi ambazo Waomani wanaziita kumma. Mama hakunambia chochote. Aliniweka kazi ya kutia uzi kwenye sindano. Mwaka mzima natia uzi nampa. Macho yakawa yanaiba.

Siku aliyonipa kofia nijaribu nilikuwa tayari nakijua kitundu kinavyozungushiwa uzi hadi kikakaza, kwa sababu nilishakitazama mara elfu.

#11 TichaWaNamba
Bi Salim, kwa heshima, kofia ni kudarizi. Kitambaa kipo tayari, sindano ina tundu, uzi unapita juu ya nguo. Kroshia uzi ndio unakuwa nguo. Si kazi moja.

#12 BintSalimMuscat
Najua, baba. Sikusema ni kazi moja. Nimesema jicho ni moja. Na duara la juu ya kofia likikatwa vibaya nalo linasimama, tena hilo halina pa kufumua.

#13 KitiMbele
Naomba kuuliza kwa nia njema: kufuma na kufumania vina undugu? Maana kufuma sijui, ila hilo la pili limenikuta.

#14 MamaTrebo
😂😂 Nani alikufuma?

#15 Mdadisi77
Kufuma pia ni kuchoma kwa mshale au mkuki. Nadhani fumania imetoka huko, unamchoma mtu akiwa hana habari.

#16 MzeeWaJuya
Hapana, ni kwenye nyavu. Samaki akinasa kwenye wavu uliofumwa, huyo amefumaniwa. Mshale umeingiaje hapa?

#17 Mdadisi77
Mshale na mkuki ndivyo vya kufumia mnyama, mzee. Wavu hunasa.

#18 MzeeWaJuya
Basi na iwe hivyo kwa watu wa bara.

Nilichokuja kusema mimi: wavuvi tunafuma zamani sana na hakuna anayetuita kina mama. Babu yangu Kilwa alifuma vimia vya kurusha. Kimia ni duara. Unaanzia juu padogo, unashuka ukiongeza matundu, mpaka chini panapofungwa vipande vya risasi vya kuzamishia. Usipoongeza vya kutosha kimia hakifunguki kikirushwa, kinaanguka kama mfuko na samaki wanakucheka. Ni bakuli la huyu binti hasa.

Babu hakuhesabu kwa mdomo. Alikuwa na kijiti cha kupimia tundu, kila fundo analikazia kwenye kijiti, kwa hiyo matundu yote yanatoka sawa. Nyongeza aliziwekea alama ya uzi mwekundu. Wewe una kijiti? Bibi yako kijiti chake ni kidole, mtazame vizuri.

#19 MjukuuWaMuheza
Nimerudi. Nimesoma zote.

@TichaWaNamba nimehesabu mara tatu, na mdogo wangu akahesabu. Mzunguko wa sita una trebo 72. Sabini na mbili kamili. Na bado ni bakuli.

@MzeeWaJuya kweli bibi ana kidole cha shahada ambacho hakitoki pale! Kila trebo ikipanda inagusa kucha. Sikuwahi kukiona mpaka uliponiambia.

#20 KitiMbele
Ticha, 72 hiyo. Tunasubiri kipenyo kingine.

#21 TichaWaNamba
Nacheka lakini nimekubali. Labda nilirahisisha mno. Kama trebo ina urefu mara mbili kamili ya upana, hesabu ni 12.56, si 12. Kila mzunguko unabaki na deni la zaidi ya nusu trebo. Ukifika wa sita unadaiwa trebo tatu na ushee. Na kama trebo za dada ni ndefu na nyembamba zaidi ya hapo, deni linakua. Uzi unavumilia mizunguko ya kwanza kwa kunyooka, halafu unachoka. Hiyo inaeleza kwa nini bakuli linaanza wa tano na si wa pili.

#22 MamaTrebo
Yaani umezunguka kote huko kuja kusema trebo zake ni nyembamba, jambo nililolisema kwenye #3. Mkono huo!

#23 KijukuuMinnesota
Ngojeni kidogo. Dada, umesema umeona kwenye video. Ya nchi gani?

Nauliza kwa sababu mimi kilinikuta. Mama alinifundisha nyumbani kwa majina ya Kiingereza cha Uingereza, nilipohamia huku Marekani nikajiunga na bibi wawili watatu wanaofuma kila Jumamosi maktaba ya mtaani. Wakaniambia fuma trebo, nikafuma. Kazi yote ikatoka vibaya. Kumbe trebo ya Uingereza Wamarekani wanaiita dabo, na dabo ya Uingereza huku ni singo. Trebo ya Marekani ni ndefu zaidi, unazungusha uzi kwenye sindano mara mbili kabla ya kuingiza, na hiyo kwa 12 lazima isimame bakuli, inataka karibu 18. Kwa hiyo: unazungusha uzi mara ngapi kabla ya kuchomeka sindano?

#24 MjukuuWaMuheza
Mara moja tu. Na bibi mara moja. Bibi haziiti hata trebo, anaziita "miguu". "Weka miguu miwili hapo, ruka."

#25 KijukuuMinnesota
Basi si hilo. Miguu ni jina zuri kuliko ya kwao wote wawili.

#26 FundiMakete
Wengi mnauacha uzi wenyewe. Mwaka fulani nilinunua bonge la akriliki, mwenye duka akaniapia ni pamba. Akriliki inanyumbuka, ukiivuta inarudi, kitambaa ukikitoa mkononi kinajikusanya. Pamba inakaa pale ulipoiweka. Choma kipande kidogo: pamba inaungua kama karatasi na kubaki majivu, akriliki inayeyuka inakuwa kidonge kigumu.

Huku Makete ni baridi, sisi ni masweta. Uzi mpya ghali, kwa hiyo tunanunua sweta za mitumba, tunafumua, tunaosha, tunafuma upya. Mama yangu alinifundisha kuchagua kabla ya kulipa. Geuza sweta ndani nje, tazama mishono ya ubavuni. Ukikuta vipande vimeungwa kwa mshono wa mnyororo, unavuta uzi mmoja na sweta yote inafunguka vipande vizima. Ukikuta pembeni pamekatwa na kuzungushiwa nyuzi za cherehani, iache, ndani yake uzi umekatwakatwa kila safu, utapata vipande vya shubiri mbili. Nimeona watu wamelia sokoni.

Baada ya kufumua uzi unakuwa na mawimbi kama nywele zilizofumuliwa. Zungushia kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu nne, loweka, ning'iniza na kitu kizito chini. Ukikauka umenyooka.

#27 NyeriBaridi
@FundiMakete hii ya mishono ni dhahabu. Nimeliwa soko la Gikomba mara mbili kwa kutojua hivyo.

#28 MjukuuWaMuheza
@FundiMakete uzi ni bonge moja, nimesema #1. Tunavuta ncha mbili za bonge hilo hilo, yeye ya nje mimi ya katikati. Ila nimeuchoma kwa udadisi: majivu. Pamba.

#29 FundiMakete
Samahani, nilirukia mwisho wa uzi. Huo mwingine.

#30 MkonoWaKushoto
Jamani hakuna aliyeuliza binti anatumia mkono gani. Mimi ni wa kushoto. Shangazi alinifundisha tukiwa tumekaa ubavu kwa ubavu, nikawa nageuza kila kitu kichwani, miaka miwili ya mateso. Siku moja umeme ulikatika, akahamia mbele yangu upande wa pili wa taa ya chemli. Nikamwona kama kwenye kioo. Nikafuma kitambaa chote usiku huo. Wa kulia akae pembeni ya mwalimu, wa kushoto akae mbele yake. Basi.

#31 MjukuuWaMuheza
Mkono wa kulia mimi. Lakini nimeipenda hiyo ya chemli.

#32 DadaWaWanga
Mnamwonea mtoto wa watu. Vitambaa vya bibi anavyovifananisha na chake ni vilivyokwisha fuliwa, kutiwa wanga na kukaushwa! Hakuna kitambaa kinachotoka kwenye sindano kimelala kama chapati, hata cha malaika. Kwetu tunapika uji mwepesi wa unga wa muhogo, tunauchuja, tunachovya, tunakamua kwa kiganja, halafu tunakivuta juu ya godoro lililotandikwa shuka na kukibana kwa pini kila ncha. Kikikauka usiku kucha, kesho kinasimama wima ukitaka. Dada kaloweshe bakuli lako lije kuwa sahani.

Na mananasi bila kubanwa hayaonekani kabisa, yanakuwa kama maembe yaliyokanyagwa.

#33 MamaTrebo
Wanga unaficha makosa ya kitambaa chenye heri. Cha mzunguko wa sita kikiwa bakuli, cha ishirini ni ndoo. Hakuna pini ya kulaza ndoo.

#34 DadaWaWanga
Nimelaza ndoo mimi. Tena ya mteja.

#35 KitiMbele
Hivi vitambaa vina faida gani lakini? Ukikaa kwa mtu, ukiinuka unaondoka nacho kimenasa mgongoni, unatembea mtaa mzima kama umevishwa nishani.

#36 MamaTrebo
Faida yake ni kuzuia mafuta ya vichwa vyenu yasiguse makochi yetu.

#37 Mdadisi77
Kwa faida ya uzi: kufuma huku kulitoka kwa Wareno. Walikaa pwani miaka mia mbili, wake zao walivaa lesi.

#38 KijukuuMinnesota
Haiwezekani mkuu. Wareno walitolewa Fort Jesus 1698, wakarudi kidogo, na 1729 wakaondoka Mombasa moja kwa moja. Kroshia hii ya sindano yenye ndoano imekuja kujulikana Ulaya karne ya 19. Maelekezo ya mwanzo yaliyochapwa yanatajwa kuwa ya jarida moja la Uholanzi, 1823. Baadaye Ireland, kwenye ile njaa ya viazi ya miaka ya 1840, familia zikaishi kwa kuuza lesi ya kroshia. Lesi ya Wareno ilikuwepo, lakini ya sindano ya kushonea na ya vigurudumu vya uzi, kazi nyingine hiyo.

#39 MjukuuWaMuheza
Bibi anasema yeye alijifunza kwa mama yake, na mama yake alijifunza kwa masista wa Magila. Misheni ile ya UMCA, ya Waanglikana, ipo hapa karibu, kongwe sana. Lakini shangazi anabisha, anasema bibi mzaa bibi alikuwa anafanya kazi kwa familia ya Wagoa (watu wa Goa, India) Tanga mjini na huko ndiko alikoona. Wamebishana leo mpaka chai imepoa. Kila mmoja anasema mwenzake alikuwa mdogo.

#40 NyeriBaridi
Yaani umeleta ugomvi nyumbani kwa sababu ya bakuli.

#41 TichaWaNamba
Nirudi kidogo kwa upande wa pili wa bakuli, yaani mawimbi. Kuna mwanahesabu wa Latvia, Daina Taimina, akiwa Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1997 alifuma kwa kroshia umbo ambalo wanahesabu walikuwa wanashindwa kulishika mkononi, bapa la haipaboli. Alifanyaje? Aliongeza vitanzi kwa uwiano ule ule kila safu, bila kusimama, kitambaa kikawa mawimbi juu ya mawimbi. Ndilo umbo la baadhi ya matumbawe, anayepiga mbizi Mafia atanielewa.

Maana yangu ni kwamba kati ya bakuli na matumbawe, "kulala" ni mstari mwembamba sana. Bibi anayetembea juu ya mstari huo bila kuhesabu si mtu wa kawaida.

#42 MzeeWaJuya
Matumbawe yanachana nyavu. Lakini nimekuelewa.

#43 MjukuuWaMuheza
Ripoti ya wikiendi, ni ndefu mnisamehe.

Nimefuata ushauri wa @NyeriBaridi. Bibi kanipa kitambaa cha zamani kilicholiwa na panya, nimekifumua kutoka nje nikiandika. Mizunguko ya mananasi nimeiacha, nawapa ile sita ya katikati, yenye miguu mitupu kama yangu: 12, 24, 36, 50, 61, 78.

Yaani bibi hana 12! Anaongeza 12, 12, halafu 14, 11, 17. Nikamwonyesha karatasi. Akaniuliza, "Hizo ni namba za nani?" Nikamwambia zako bibi. Akasema mimi sina namba, kikianza kuinama namwongezea, kikianza kucheza namnyima. Ndicho kile "kinavyotaka".

Sasa TichaWaNamba usishangilie bado. Nilimpa bakuli langu jingine. Akafumua mizunguko miwili ya juu. Nikamwomba, bibi, usiongeze kwa kuona, fanya nilivyofanya mimi, mguu mmoja mmoja, na mimi nikawa namhesabia kwa sauti nyongeza zangu zile zile. Amekasirika kidogo ila amefanya. Imetoka 60, kisha 72. IMELALA. Mizunguko yangu minne chini, yake miwili juu, namba zangu, na imelala juu ya meza.

Nimekaa nikiitazama kama dakika kumi.

#44 MamaTrebo
Nilisema nini #3? NILISEMA NINI?

#45 TichaWaNamba
78 kwenye mzunguko wa sita inakubaliana kabisa na hesabu yangu ya #21, ilitakiwa 75 na ushee, bibi ameongeza kidogo kwa usalama. Hilo la pili la 72 kulala... ni mizunguko miwili tu. Trebo zake ni pana. Angeendelea hadi wa kumi tungeona.

#46 MamaTrebo
"Trebo zake ni pana" kwa Kiswahili ni mkono, mwalimu.

#47 MzeeWaJuya
Ni kidole. Kidole kinapima urefu wa mguu, si upana. Miguu yake ni mifupi, ya binti mirefu. Wote mmekosa.

#48 DadaWaWanga
Na kiliguswa na mikono yenye jasho, kikakandwa juu ya meza kikihesabiwa. Huko ni kukilaza nusu tayari.

#49 BintSalimMuscat
Binti, swali moja. Bibi alipokuwa anafuma mizunguko ile miwili, wewe ulikuwa unatazama namba au unatazama mikono?

#50 MjukuuWaMuheza
Namba 🙈

Jana nimekaa naye tena bila karatasi. Nimejaribu kuongeza kwa kuona kama yeye, kikiinama naongeza. Nimeongeza, nimeongeza. Kitambaa kipya kina mawimbi kama ya Ticha, matumbawe matupu. Bibi kasema angalau huyu hajifichi. Lile bakuli la kwanza, ambalo sikuligusa, ameliomba. Analiwekea vitunguu saumu jikoni.

#51 DadaWaWanga
Bakuli hilo hilo, lichovye kwenye maji ya sukari yaliyochemka yakawa mazito, ulifunike juu ya bakuli la bati mpaka likauke. Linakuwa gumu kweli. Ila sisimizi ukaishi nao mwenyewe, bora wanga.

#52 FundiMakete
Kuna watu wanauza vibakuli hivyo vya kuwekea funguo na pipi. Usifumue.

#53 KitiMbele
Nina makochi matatu na sina kitambaa hata kimoja, mke amesoma uzi huu wote kwenye simu yangu. Matumbawe shilingi ngapi? Na bakuli la vitunguu saumu bibi anaweza kuliachia?

#54 MjukuuWaMuheza
Nimemuuliza. Amesema la vitunguu haliuzwi, ila wewe uliyefumaniwa uje Muheza mwenyewe akuone sura.